Uso wa Mjomba

Kijijini Chiungutwa, mjomba akinuna, posa imekufa. Baba akubali, mama apige vigelegele, kazi bure. Na Mzee Halfani, mjomba wa Swaumu, uso wake ulikuwa umekakamaa mwaka wa pili sasa, udenda ukimtoka bila taarifa.

Washenga wa Abdulatifu, kijana aliyemtaka Swaumu, walipokuja mara ya kwanza, udenda ulidondokea barua ya posa wakati kiongozi wao, Mzee Tahiri, bado anaongea. Tahiri akaondoka akisema ametemewa mate. Halfani alimwacha aende. Angesema nini? Ataje ugonjwa wa kutetemeka, watu waseme amerogwa, waogope kuoa kwenye ukoo wake? Bora aonekane ana kiburi.

Lakini Swaumu alilia siku tatu, na huyo alikuwa roho ya mjomba wake. Halfani akapanda bodaboda hadi Masasi, kwa madaktari wa utafiti wenye mashine ya sumaku. Hawachani, hawatoboi, wanaiweka kichwani, inagonga ta-ta-ta, kuamsha sehemu ya ubongo inayoendesha uso na koo. Siku kumi. Daktari hakumficha: "Mzee, huenda ikasaidia, huenda isisaidie. Na wengine wanawekewa ya bandia, tupate kulinganisha. Hata mimi sijui wewe umepata ipi."

Alirudi nyumbani hajui kama ametibiwa au amepigiwa kelele tu.

Siku ya pili yake Tahiri akaja tena, shingo upande, akasema hii ndiyo mara ya mwisho. Adija, mama yake Swaumu, alijibanza mlangoni, binti nyuma yake. Halfani akameza mate. Akameza tena. Udenda umetulia, alhamdulillahi! Tahiri alimaliza maneno yake, akamkazia macho. Halfani akajiamuru moyoni: cheka, we mzee, cheka! Akavuta mashavu kwa nguvu zake zote, jasho likamtoka. Hata ukope haukusogea.

"Uso ule ule," Tahiri alisema, akaokota bakora yake.

"Kaa!" Sauti ya Halfani ilikuwa ndogo, imekauka. "Naumwa. Ugonjwa umenifunga uso. Moyoni nacheka, uso hausikii. Ukiuogopa ukoo wangu, nenda. Lakini usiseme nimekukataa."

Adija alishika kichwa. Yarabi, kaka kaharibu! Siri ya miaka miwili, mbele ya mshenga!

Tahiri hakuondoka. "Mkono unatetemeka hata ukiwa umeupumzisha?"

"Ndiyo."

"Na hatua zimekuwa fupifupi?"

"Ndiyo."

Mzee yule akakaa. "Baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Hakunichekea hata siku ya harusi yangu. Nikajua ananichukia, nikamsusa. Nilirudi kumzika."

Tahiri akanyoosha barua kwa mikono miwili. "Pokea, mjomba. Usijilazimishe kucheka."

Halfani aliipokea huku mikono ikitetemeka, na udenda ukamponyoka. Tahiri akaufuta kwa ncha ya kanzu yake mwenyewe.