Mguu wa Mwali

Bibi alinyoosha mkono kabla hata sijavua viatu mlangoni.

"Simu."

"Bibi, ni ya kusomea tu. Nina mtihani mwezi wa pili."

"Simu ina jicho. Humu hakiingii chenye jicho, mke mwenzangu. Lete."

Nikampa. Bibi Maryam akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka, akaurudishia mlango nyuma yake. Ndani tukabaki wawili, mimi na Muzdalifa, mtoto wa baba yangu mdogo. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa turubai. Ilinichukua muda kumwona. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, amepakwa liwa uso mzima.

"Da Kudra," akanong'ona. "Umenenepa."

"Nani kamwambia mwenzie!"

Akacheka kidogo, cheko likakatika katikati kwa kikohozi.

Kwetu Kiongoroni, huku mikokoni kusikofikika ila kwa boti, msichana akishavunja ungo na kumaliza mtihani wa darasa la saba huwekwa ndani. Zamani ilikuwa mwaka mzima, hata miwili. Siku hizi ni tangu Septemba hadi shule za sekondari zikaribie kufunguliwa. Hapigwi na jua, hashiki jembe, haonwi na mwanamume, hata baba yake. Analishwa, anasingwa, anafundwa. Siku kumi za mwisho ndugu wa kike asiyeolewa huingia kukaa naye, na huyo naye hatoki ila msalani. Nilikuwa likizo kutoka chuo cha uganga wa hospitali, mwaka wa pili. Zamu ikaniangukia.

Jioni hiyohiyo mama wakubwa wawili wa Muzdalifa walikuja kumchungulia.

"Tazameni mguu!" mmoja akasema, akainua kanga. "Kifundo hakionekani. Huyu ndiye mwali, siyo wale wa mbio mbio."

"Bibi Maryam ana mkono," akasema mwenzake. "Mwali wake hajawahi kutoka na mifupa."

Kisha wakanitazama mimi, wakakumbuka, wakatabasamu. Mimi ni yule wa mbio mbio. Nilitolewa baada ya wiki tatu, kwa sababu shule niliyopangiwa ilikuwa mbali na baba hakutaka nichelewe. Tangu hapo naitwa mwali mbichi. Nikinyamaza mbele ya watu, wanasema ni ubichi. Nikikosea kupika, ubichi. Nimeshazoea. Ila nilijua kwamba katika chumba kile neno langu lilikuwa la mwisho kusikilizwa.

Usiku ule Muzdalifa hakulala chini. Aliegemea ukuta, kichwa kikamwangukia kifuani, akalala ameketi kama abiria.

"Mbona hulali vizuri?" nilimuuliza asubuhi.

"Nikilala chali nazama."

"Unazama wapi?"

"Sijui. Kama maji yananijia."

Baadaye, nilipokuwa nikimsaidia kunawa miguu, nikabonyeza kwa kidole gumba mbele ya ule mguu wake uliosifiwa. Nilipoondoa kidole, shimo likabaki. Nikahesabu hadi kumi na tano. Lilikuwa bado lipo.

Bibi alipoleta msio wa kusugua ngozi ili kumsinga, nikaomba nimsinge mimi. Nikampaka mgongo, mikono, kisha kifua. Chini ya mfupa wa bega la kushoto kiganja changu kikasimama. Palikuwa pananguruma. Siyo mapigo, mapigo niliyasikia pia, makali, yanarukaruka hadi shingoni. Hii ilikuwa kama kuweka mkono juu ya paka aliyelala.

"Na wewe umekisikia," Muzdalifa akasema polepole.

"Kipo tangu lini?"

"Tangu nina akili. Bibi anasema kila mtu na ngurumo zake."

Darasani tuliambiwa jambo hili kwa dakika kumi, na mwalimu akasema wengi wetu tutamaliza kazi bila kukutana nalo. Vipimo sikuwa navyo, na simu ilikuwa kwenye pindo la kanga ya bibi. Nilikuwa na mkono wangu tu, na mkono wa mwanafunzi huogopa kujiamini.

Nje ya ukuta kulikuwa na mlio wa kisu kikichonga fito. Baba mdogo Tamimu alikuwa amehamishia kazi yake pale, anasuka madema ya kutegea samaki. Kila asubuhi aligonga ukuta: "Mwali hajambo?" Muzdalifa hakuruhusiwa kumwitikia kwa sauti, basi aligonga mara mbili, maana yake hajambo.

"Unajua samaki anaingiaje kwenye dema?" nikamuuliza siku ya tatu.

"Unanifundisha mimi dema?" Akavuta pumzi. "Anapita kwenye koo la fito. Akishapita, ncha zinamgeukia. Harudi."

"Moyo una milango ya namna hiyo. Vyumba vinne, viwili kulia, viwili kushoto. Damu iliyochoka inaingia kulia, inasukumwa mapafuni kuchukua hewa. Inarudi kushoto, inasukumwa mwili mzima. Ikipita mlango, mlango unajifunga, hairudi nyuma. Ukiweka sikio kifuani kwa mtu, ule mlio unaousikia ni milango inafunga."

"Na wangu unanguruma."

"Mtoto akiwa tumboni hapumui. Kwa hiyo kuna kamfereji kafupi kati ya mishipa miwili mikubwa juu ya moyo, damu ikatize pale bila kupitia mapafuni. Ukishazaliwa ukalia, kamfereji kanajifunga. Siku mbili tatu tu. Nadhani," nikasita, "nadhani kako hakakujifunga."

Alifikiri. Nje kisu kiliendelea kuchonga.

"Basi damu iliyokwisha kuchukua hewa inarudi tena mapafuni."

"Ndiyo."

"Halafu inarudi tena moyoni." Akajitazama kifua. "Kwa hiyo moyo wangu unakumba maji yaleyale kila siku, kama mtu aliye kwenye boti inayovuja."

"Na umechoka. Ndiyo maana maji yanakaa miguuni. Huu siyo unene, Muzda."

Nilidhani atalia. Alinishika mkono kwa nguvu. "Usimwambie bibi. Zimebaki siku saba. Wakinitoa sasa nitakuwa kama wewe."

Alisema bila ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Jioni nilimwambia bibi. Nilikuwa nimeyapanga maneno, nikayapoteza yote nilipomwona ameinama na sinia la wali wa nazi na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi.

"Bibi, mguu wa Muzdalifa... ukiubonyeza..."

"Ukiubonyeza?"

"Unabonyea."

"He! Ulipelekwa chuo ukajifunze kubonyeza wenzio?" Akacheka mpaka meno yake matatu yakaonekana. "Mguu mkavu haubonyei. Wako ubonyeze uone, kama hujaumiza kidole."

"Anakohoa, bibi. Hawezi kulala chali."

"Mwali halali chali, anaharibu nywele." Kicheko kikaisha. "Kudra. Nimetoa wanawali kumi na saba katika chumba hiki. Wewe ulitoka kabla hujaiva, sikukulaumu, alilaumiwa baba yako. Usiniharibie na huyu."

Akaondoka. Nikakaa nikiutazama mlango. Haukuwa na kufuli. Ulikuwa wa mabanzi ya mkandaa, ungeweza kuufungua kwa goti. Nikawaza kwamba ningeweza kutoka, kupita ua, kumwambia baba mdogo. Na baba mdogo angemuuliza nani? Angemuuliza mama yake. Na mama yake ni bibi. Kila njia niliyoifikiria iliishia kwenye chumba hiki.

Siku mbili zikapita hivyo. Muzdalifa aliacha kumaliza maneno. Alisema nusu, akavuta pumzi, akasema nusu. Baba yake alipogonga asubuhi, alijibu mara moja, mkono ukamshinda mara ya pili. Nikamalizia mimi. Nilijisikia mwongo.

Siku tano kabla ya kutolewa huwa ni siku ya kutazamwa. Wanawake wa mtaa walijaa chumbani kuanzia saa mbili asubuhi, ngoma ndogo ukumbini, jasho na udi na liwa vikachanganyika hadi hata mimi nikakosa hewa. Katikati pakawekwa kinu. Mwali hukizunguka mara saba, taratibu, macho chini, ili watu waone kilichofanyika.

"Kajaa! Kajaa mwana wa Hadija!"

Mama yake, mama mdogo Hadija, alikuwa anafuta machozi ya furaha.

Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Katika wa tatu akashika ukingo wa kinu. Vigelegele vikazidi, walidhani ni haya. Mimi nilikuwa karibu naye, niliona mbavu zinavyoingia na kutoka, na mishipa ya shingo imesimama. Akaketi sakafuni.

"Mwinueni," bibi akasema, akaja mwenyewe, akapiga magoti.

Nilitaka kusema. Lakini mbele ya wanawake wale wote neno la mwali mbichi lisingesikilizwa. Basi nikamshika bibi mkono. Nikachukua kidole chake gumba, nikakiweka kwenye mguu wa Muzdalifa, nikakibonyeza kwa mkono wangu wote. Nikahesabu polepole. Nikakiondoa.

Shimo likabaki.

Bibi akalitazama. Nyuma yetu walikuwa bado wanaimba. Akabonyeza mwenyewe, juu kidogo. Shimo. Akapanda hadi chini ya goti. Mashimo yakasimama kwenye ule mguu kama nyayo kwenye tope. Mkono wake ukaenda kifuani kwa mtoto, ukatulia pale pale pa siku zote, na safari hii haukuondoka haraka.

"Tangu lini?" akamuuliza.

Mwali hasemi mbele ya wageni. Muzdalifa akasema.

"Tangu mwezi wa kumi, bibi. Nilidhani... ndiyo kunawiri."

Ngoma ikanyamaza. Bibi alinyanyuka kwa kushika kinu, akaugonga ukuta kwa ngumi.

"Tamimu! Maji yako wapi?"

"Yamekupwa, mama. Boti imekaa topeni."

"Yatafika saa ngapi?"

"Saa sita hivi. Kuna nini?"

"Mwali anatoka. Anakwenda hospitali."

"Si bado siku tano?"

"Nimekuuliza siku mimi?"

Wanawake waliondoka wakinong'ona, nikasikia hata neno ubichi likitajwa. Tukakaa saa tatu kusubiri maji. Katika maisha yangu sijawahi kukaa saa ndefu kama zile. Ninajua kijito chetu, kinavyorudi kidogo kidogo kati ya mizizi ya mikoko, hakiharakishwi na mtu. Niliweka mgongo wangu nyuma ya mgongo wa Muzdalifa aegemee. Nikasikia ngurumo yake ikipita hadi kwenye uti wangu. Bibi alitoa turubai dirishani kwa mkono wake. Upepo ukaingia.

Tulimbeba hadi botini amefunikwa kanga mbili, baba yake asimwone. "Wewe tazama mikoko," bibi akamwamuru. Baba mdogo akawasha mashine, akakaa nyuma, shingo ameigeuza pembeni kama aliyepigwa. Hatujafika mbali kanga ikaanza kupanda na kushuka upesi upesi. Mama mdogo Hadija akanitazama. Mimi nikamtazama bibi. Bibi ndiye aliyeifunua.

Baba mdogo aligeuka. Nadhani hakukusudia. Alimwona mtoto wake kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, uso umevimba, midomo wazi.

"Shikamoo baba," Muzdalifa akasema.

"Marahaba, mwanangu." Akarudisha macho kwenye maji, akaongeza mwendo.

Bandarini Nyamisati tulipata gari, na alasiri tukawa hospitali ya Kibiti. Daktari Fabiani alikuwa kijana, mrefu, mwenye sauti ya watu wa bara. Aliweka kipimo cha kusikilizia chini ya mfupa wa bega la kushoto, akafumba macho. Akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akanipa mimi vile vya masikioni, kwa sababu nilikuwa nimemwambia, kwa sauti isiyofika mbali, nilichokuwa nakidhani. Nikasikia. Mlio haukukatika baina ya pigo na pigo. Ulipanda, ukashuka, ukapanda.

"Umewaza sawa," akasema. Akawageukia wakubwa. "Kuna mshipa ulitakiwa kufunga alipozaliwa. Unaweza kufungwa hata sasa, Dar. Kwanza wampige picha ya moyo, waone kama mishipa ya mapafu haijakakamaa. Ikiwa imekakamaa, hawatathubutu kuufunga. Siwezi kuwaambia zaidi leo. Leo nampunguza maji." Akachukua kalamu. "Nani amekuwa akimtunza?"

Mama mdogo Hadija akainama. "Sote," nikaanza kusema, "tulikuwa..."

"Mimi," bibi akasema.

"Alikuwa anakula nini, mama?"

"Wali. Nazi. Ng'onda. Na uji wenye chumvi." Alisimama wima, mikono ameikunja mbele kama mtoto wa shule. "Chumvi nilitia mimi, ili awe na kiu, anywe, ajae. Andika hivyo. Usimwandike mama yake."

Daktari hakuandika. "Kuanzia leo chumvi basi, mama."

"Nimesikia."

Asubuhi ya pili Muzdalifa alikuwa ameegemea mito kitandani, sindano mkononi, anaweza kumaliza sentensi. Barua ya rufaa ya kumpeleka Dar ilikuwa imeandikwa. Jibu lilikuwa bado. Alitazama wavu wa dirisha, mlango wa wodi, sisi.

"Humu nitakaa ndani muda gani?"

"Sijui," nikasema.

"Na Dar?"

"Sijui, Muzda."

"Na wakishanifunga huo mfereji, nitarudi chumbani kumalizia siku tano?"

Swali hilo nilimwachia bibi. Bibi alikuwa anakunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena.

"Pumua kwanza," akasema. "Mengine tutayaongea."