Damu ya Namba Arobaini na Moja

Asiyejua maana haambiwi maana. Mama Chiriku alijua maana, tena kupita kiasi, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia.

Alikuwa mpimaji wa maabara hospitalini, na mwaka mzima kazi yake ilikuwa damu ya watoto wenye kifafa. Ndani yake alitafuta maikroRNA, vitu vidogo mno vilivyomo mwilini, ambavyo kazi yake ni kuzinyamazisha jeni. Wakubwa wa utafiti walishuku kwamba aina moja ikizidi, huenda mtoto huyo dawa zisimsaidie. Walishuku tu, ndiyo maana walikuwa wakipima watoto mia mbili. "Ni kama mama mkwe jikoni," alipenda kusema mkuu wa maabara, mzee waliyemwita Miwani kwa sababu alikuwa na jozi tatu na kila siku alizitafuta zote. "Hapiki, lakini ndiye anayeamua kipi kisipikwe."

Mirija ya damu ilikuja na namba bila majina, na daftari la majina mpimaji haruhusiwi kuligusa. Kwa namba arobaini na moja hakulihitaji. Damu ile aliitoa yeye mwenyewe asubuhi, kwenye mkono wa binti yake wa miaka sita, kwa kuwa mtoaji damu alichelewa na mtoto hakutaka kushikwa na mgeni.

Binti huyo walimpa jina la Chiriku kwa sababu tangu afumbue macho mpaka ayafumbe, mdomo haukupumzika. Kwa hiyo nyumbani kwao kimya ndicho kilichotisha. Asubuhi hiyo, katikati ya chai, alikatiza hadithi, macho yakaganda ukutani, kijiko kikamponyoka. Ilikuwa dakika moja, na mama yake bado alikuwa nayo kichwani alipovuta bomba la sindano saa mbili baadaye.

"Mama, unavuta mpaka mkono utatoka," Chiriku alilalamika. Kisha bibi yake alimshika mkono wakarudi nyumbani.

Saa sita kasoro mashine ilimaliza kazi. Kwenye kioo, kila damu ilikuwa na mstari wake, na mstari ukipanda mapema maana yake kile kinachotafutwa ni kingi. Wa arobaini na moja ulipanda kabla ya yote. Mama Chiriku alivua glovu moja ili ashike simu. Alitoka mpaka kwenye korido, akampigia mama yake.

"Mama, mpe mtoto dawa sasa hivi. Mililita kumi."

"Si tano? Na si mpaka jioni?"

"Kumi, mama! Tukisubiri kliniki ya wiki ijayo atatuponyoka. Nimeona kwa macho yangu!"

"Sawa," alisema bibi, akakata simu.

Mama Chiriku aliporudi maabara alimkuta Miwani amesimama dirishani, ameinua mrija wenye masalio ya namba arobaini na moja, nyuma yake karatasi nyeupe.

"Hii uliiangalia kabla ya kuipakia?"

Hakuiangalia. Yeye ambaye wapimaji wapya aliwafundisha jambo hilo siku ya kwanza, kabla hata hawajajua choo kiko wapi! Maji ya damu yanatakiwa yawe manjano hafifu. Haya yalikuwa ya waridi.

"Sindano imevutwa kwa pupa," alisema Miwani taratibu. "Chembe nyekundu zimepasuka, zikamwaga maikroRNA zao humo humo. Hapa umepima mkono wa mtoaji, hukumpima mtoto."

Kwanza ilimjia nafuu, kisha ikamjia ile chupa ya dawa. Alipiga simu, ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Hakuaga mtu. Alitimua mbio na koti lake jeupe, glovu moja mkononi, mitaa mitatu nyuma ya hospitali, na watu walimpisha wakidhani anawahi kumwokoa mgonjwa wa mtu. Mililita kumi juu ya tano za asubuhi, kwa mtoto mwenye mwili kama kuku wa wiki mbili! Mimi nimemuua, alijiambia, kifafa kimesingiziwa tu.

Nyumba ilikuwa kimya. Chiriku alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo wazi, hasemi. Mama yake alipiga magoti akamwekea kiganja kifuani.

"Amekunywa saa ngapi? Mama, amekunywa saa ngapi?"

Bibi, aliyekuwa akishona kifungo karibu na mlango, alinyoosha sindano yake kuelekea rafu. Kila asubuhi, baada ya kumpa mtoto dawa, Mama Chiriku alipiga mstari wa kalamu kwenye chupa. Dawa ilikuwa pale pale kwenye mstari.

"Lakini ulisema sawa."

"Nilisema sawa ili unyamaze. Na simu nimeizima mwenyewe, maana ungepiga tena, na mara ya pili ningekutii." Bibi alikata uzi kwa meno. "Sauti ile naijua tangu ukiwa mdogo. Ukiona ung'ongo, unalia ni nyoka. Mtoto amelala kwa sababu ameshiba."

Mama Chiriku alikaa chini, akalia kama mtoto, bila kujificha.

Kelele zikamwamsha mwenye usingizi. "Mama, mbona umevaa glovu moja? Nyingine imeliwa?"

Kesho damu ingetolewa upya, kwa mkono wa mtu mwingine, na huenda mstari ukapanda mapema vile vile. Hilo alilijua, na hofu yake ilikuwa imekaa palepale. Alimpakata binti yake, naye Chiriku akaanza hadithi ndefu ya paka aliyekula glovu. Kila alipotua kuvuta pumzi, mama yake aliacha kupumua, akisubiri neno linalofuata.