Baba wa Ngugi ni Zenoni

Wewe mama uliye na bahasha ya karatasi za zamani chini ya kitanda, soma hii kabla hujampa mtu yeyote. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane tu, kule Rongai, Kenya, kwa hivyo usitafute hapa maneno makubwa. Nitakuambia vile ilinitokea na mahali nilipokosea, ndio wewe usikosee.

Jina langu ni Roselyne. Sasa ninakaa hapa Uingereza, mtaa wa Saltley, na mume wangu Barnabas na binti yetu Angeline, wa miaka kumi na saba. Kazi yangu ni kutunza wazee nyumbani kwao. Ninawaogesha, ninawapa dawa, ninawapikia chai ambayo hawaimalizi. Visa yangu imeshikwa na hiyo kazi. Hilo ulijue mapema, kwa sababu mtu akitaka kukutisha hatafuti mbali.

Baba yangu anaitwa Ngugi. Yuko Rongai, ana miaka sabini na saba, na maisha yake yote amekuwa na ngozi ambayo hakuna aliyemweleza imetoka wapi. Shuleni walimwita mzungu wa shamba. Wakati wa vita vya Hitler, Waingereza walileta wakimbizi wa Poland wakawaweka kambini huko kwetu, wengi wao akina mama na watoto, na vijana wachache. Nyanya yangu Wairimu alikuwa msichana akiuza mboga pale. Mwaka wa arobaini na nane wale watu wakapakiwa kwenye meli kuletwa Uingereza, na mwaka huo huo baba akazaliwa. Nyanya hakuwa mtu wa maneno. Alimwachia baba picha moja tu, kijana amesimama kando ya lori, na nyuma yake jina kwa kalamu ya wino: Zenon Kubacki.

Picha hiyo nilikuja nayo huku ndani ya bahasha, pamoja na kadi tatu za ubatizo za familia, kwa sababu wakati wa kusafiri niliogopa kuulizwa karatasi nikakosa. Angeline aliipata akitafuta cheti chake cha kuzaliwa. Huyu mtoto husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili, atanisamehe.

"Mami, huyu ni nani? Ana masikio ya guka." Guka ni babu kwa Kikuyu, yaani baba yangu.

"Masikio kila mtu anayo. Rudisha."

Hakurudisha. Alienda nayo maktaba, kwa mwanamke anayeitwa Kulwinder, ambaye husaidia watu kutafuta watu wao katika rejista za zamani. Jumamosi tatu tu wakampata. Kwanza kwenye orodha ya abiria wa meli: Kubacki Zenon, miaka ishirini, fundi wa magari. Halafu kwenye rejista ya ndoa. Halafu kwenye rejista ya vifo, mwaka wa tisini na moja. Alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha magari kule Washwood Heath, na kwa miaka kumi na moja alipanga nyumba kwenye barabara ambayo mimi hupita nikienda madukani Alum Rock. Ninapita pale kila wiki na mfuko wa unga.

Kulwinder akaniambia, "Mama Angeline, unaona? Mlimfuata mtu bila kujua."

"Sisi tulifuata kazi," nikamjibu.

Angeline akaandika kwenye mti wa ukoo, ule wa mtandaoni ambao kila mtu anaweza kuusoma: Zenon Kubacki, na chini yake, mwanawe Ngugi, amezaliwa 1948. Nikampigia baba simu. Nikamsomea jina na kazi yake.

"Zenoni huyo, alikuwa mrefu?"

"Sijui, baba."

"Haya. Sasa nikiulizwa nitasema."

Na alisema. Jumapili iliyofuata alisimama kwenye jumuiya yao ya kanisa, mbele ya watu waliomcheka wakiwa watoto na ambao sasa hawana meno, akawaambia baba yake anaitwa nani na alikuwa fundi wa nini. Kaka yangu alinisimulia. Alisema baba alikaa chini akavuta kofia machoni. Kwa hivyo ukisoma haya mengine, jua nilichokuwa nikikilinda. Haikuwa mali. Mzee alikuwa amepata baba akiwa na miaka sabini na saba, na watu walitaka mimi, mtoto wake, nimnyang'anye.

Ujumbe ulitoka kwa Halina. Huyu ni binti ya Zenon aliyezaliwa huku, mama wa miaka sabini na moja, anakaa Hodge Hill, si mbali na kwetu. Aliandika kwa upole kwamba ameona jina letu, na angependa tumtembelee, tuje na karatasi zote, zile halisi.

Tukaenda. Alitupa chai na keki ya mbegu nyeusi, akaleta albamu. Ndani yake kulikuwa na picha ile ile, kijana na lori. Akaziweka mbili kando kando, yangu na yake.

"Huyu ni baba," akasema. "Siwezi kukataa. Lakini picha aliwapa wengi."

Kisha akavaa miwani akasoma kadi ya ubatizo ya baba yangu. Imeandikwa hivi. Mtoto: Ngugi. Mama: Wairimu. Baba: Ngugi wa Kimani.

"Lakini hapa ana baba," akasema. "Ameandikwa."

Mimi najua kwa nini imeandikwa hivyo. Lakini nilikuwa kwenye nyumba ya mtu mzima, keki yake iko mdomoni mwangu, nikaendelea kutafuna bila kumweleza. Akaniomba nimwachie kadi zote tatu azisome polepole. Angeline akanivuta sweta chini ya meza. "Mami, tuzipige picha kwa simu, tumpe hizo. Usiache." Nikamkanyaga mguu. Kwetu mama wa umri huo akikuomba kitu huku amekushika mkono, humwambii humwamini. Nikaziacha. Heshima si utumwa, lakini siku hiyo nilivichanganya hivyo viwili. Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya mimi kukuandikia.

Wiki mbili kimya. Halafu ikaja barua ya Halina iliyopigwa chapa, ukurasa mmoja, na mstari mtupu chini wa kusaini. Kwamba mimi Roselyne ninakubali, kulingana na kadi ya ubatizo, kuwa baba wa Ngugi ni Ngugi wa Kimani. Kwamba jina la baba yangu liliwekwa kwenye mti wa ukoo kwa makosa na litaondolewa. Kwamba hatutawatafuta tena. Kadi nitarudishiwa nikisaini.

Barnabas aliisoma mara mbili. "Saini uchukue vitu vyako. Mzee yuko Rongai, hatajua."

"Angeline atajua."

"Roselyne, mtu wa visa hapigani na mtu aliye kwao."

Barnabas si mwoga. Yeye huhesabu tu. Na mimi nilihesabu pia, siku nzima, nikiwa kwa wazee wangu, nikimfunga mmoja vifungo vya sweta kombo hadi akaniuliza kama ninaumwa. Nilijiambia ni jina tu. Kisha nikafikiria kumpigia baba simu kumwambia, baba, yule Zenoni mrudishe. Nikaona siwezi kuitamka.

Jumamosi tukarudi Hodge Hill, mimi na Angeline. Safari hii Halina hakuwa peke yake. Alikuwa na mpwa wake Leszek, mwanamume wa miaka kama arobaini, amevaa shati la kazi. Mezani kulikuwa na barua, kalamu, na kadi zetu tatu ndani ya plastiki. Keki haikuwepo.

Halina ndiye aliyeanza, na nitakuwa mkweli, sauti yake haikuwa ya mtu mbaya. "Mama yangu ana miaka tisini na tano. Yuko chumba hicho. Mwezi ujao tunamfanyia sherehe, na mti wa ukoo utatundikwa ukumbini. Jamaa wa Poland wameanza kuniuliza Ngugi ni nani. Ngojeni kwanza mama afe."

"Na wangu?"

"Wako nini?"

"Mzazi wangu. Na yeye angoje afe?"

Akageuka kutazama mlango wa chumba kile. Leszek akaigonga barua kwa kidole. "Hakuna haja ya hisia. Karatasi ni karatasi. Padri aliandika baba ni Ngugi. Na ni nyinyi mlioileta."

"Nisomee basi," nikamwambia. Nikatoa kadi mbili kwenye plastiki. "Hii ni ya nyanya yangu Wairimu, alipobatizwa msichana. Baba yake nani?"

Akaangalia. "Ngugi wa Kimani."

"Na hii ya mtoto wa Wairimu. Baba yake nani?"

Akaigeuza kadi nyuma.

"Soma, wewe si ndiye wa karatasi."

"Ngugi wa Kimani."

"Sasa chagua. Ukiishikilia hiyo barua yako, umesema babu yetu alizaa na binti yake mwenyewe. Liseme hapa mbele ya mtoto wangu, nisikie."

Akaziweka kadi mezani. Halina alikuwa ameshavaa miwani.

Nikawaeleza kwa Kiingereza changu cha kubomoka, na Angeline akinyoosha pale palipopinda. Kwetu Wakikuyu msichana akizaa kabla ya kuolewa, mtoto ni wa nyumba ya baba yake. Padri aliuliza mtoto huyu ni wa nani, na yule mzee akajibu, ni wangu. Hakumdanganya padri. Alijibu kama mtu wa kwetu, na padri akaandika kama mtu wa kwao. Na mtoto akapewa jina la yule mzee, kwa sababu ni mjukuu ndiye hupewa jina la babu. Mwanamume hachukui jina lake akampa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mtu yeyote wa Rongai akiiona kadi hiyo anajua papo hapo kwamba baba mwenyewe hayupo.

"Hayupo, sawa," akasema Leszek. "Hiyo haisemi ni Zenon."

"Ndiyo maana kuna ya tatu."

Nikaiweka mbele ya Halina. Kaka yangu mkubwa, amebatizwa mwaka wa sabini na tatu. Mtoto: Zenoni. Baba: Ngugi.

"Mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la baba ya babake. Halichaguliwi kwa sababu ni tamu. Baba alipopata mtoto, ilibidi nyanya amtajie jina, jina tu, akataka asitake. Zenoni mwingine Rongai hakuna. Kaka yangu alichekwa mpaka akajifunza kupigana. Mwaka huo baba yako alikuwa hai, anatengeneza magari yake hapa, na hakuna mtu kwetu aliyejua kama mko. Tulikuwa tunatafuta nini kwenu?"

Halina aliigusa kadi pembeni, pale jina lilipo.

Leszek ndiye aliyeona kwamba maneno yanaisha, akaamua kutafuta penye kidonda. "Wewe unatunza wazee, sivyo? Ofisi yenu inajua unakuja nyumba za watu kusumbua bibi wa miaka tisini na tano? Visa yako si iko mikononi mwao?"

Dada yangu unayesoma, ndicho kile nilichokuambia mapema. Nilimwona Angeline akinitazama, na nikajua anangoja kuona mama yake ni mtu wa aina gani. Nikaichukua ile kalamu yao. Nikageuza barua nyuma. Nikaandika jina la ofisi yetu, barabara, nambari ya simu, herufi kubwa moja moja kama tulivyofundishwa darasa la kwanza.

"Anwani ndiyo hiyo," nikamwambia. "Supavaiza wangu anaitwa Jagdish. Asubuhi ndio hushika simu mwenyewe. Mwambie Roselyne alikataa kusaini uongo juu ya baba yake. Ukisahau neno lolote, nitamkumbusha mimi Jumatatu."

Nikaziweka kadi zote tatu kwenye mkoba, nikafunga zipu. Hakuna aliyenyoosha mkono kunizuia.

Halina alitufuata mpaka mlangoni. Nilidhani anakuja kufunga. "Ngugi wenu," akasema, "alizaliwa mwezi gani?"

"Wa tisa."

Akahesabu kwa midomo. "Mwezi wa kumi na mbili baba alikuwa bado Kenya. Aliondoka wa pili," akasema, kisha akarudi ndani bila kwaheri.

Barabarani Angeline akaniuliza, "Mami, ulimwandikia hata posikodi ya ofisi?"

"Nilimwandikia."

"Umepotea akili," akasema, na akanishika mkono, jambo ambalo hajafanya tangu shule ya msingi.

Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Jumatatu nilimweleza Jagdish kila kitu kabla hajaelezwa na mwingine. Alisikiliza, akasema ataandika kwamba nimemwambia, na hajaniambia lolote tena. Simu ikilia ninaangalia kwanza kama ni ofisi, sitakudanganya. Barnabas huniuliza kila jioni kama kuna habari. Habari hakuna. Jina la baba liko pale pale kwenye mti wa Angeline, na chini yake tumeongeza kaka yangu Zenoni, na chini ya Zenoni watoto wake wanne. Kama ukumbini hawataliweka, ukuta ni wao.

Kwa hivyo mama, toa kopi, na zile halisi zilale kwako, hata anayekuomba awe na mvi na keki. Barua ukiletewa usaini, usiangalie kwanza utapata nini ukisaini. Angalia inamsema nani na inamsema vipi. Na mtoto wako akikwambia chini ya meza usiache, usimkanyage mguu.