Kinyozi Aliyehesabu Wasomaji

Mimi ni kinyozi, na kinyozi ana bahati moja ambayo hata hakimu hana: mtu aliyewekewa wembe shingoni habishi. Kwa miaka kumi na minane nimesema nitakalo kuhusu kodi, na wateja wangu wote wamekubaliana nami. Mtaani wananiita Bunge.

Mwaka huo manispaa ikatangaza kupandisha kodi ya maduka. Sehemu ya nyongeza, tangazo lilisema, ingejenga lango la mapambo pale manispaa, na sehemu ingeenda kwenye maktaba: kuezeka paa upya na kuifungua hata Jumamosi. Maktaba! Nilibandika lile tangazo kwenye kioo changu ili kila anayekaa kitini alione.

"Nani anasoma siku hizi?" nilikuwa nauliza, wembe mkononi. "Wanaingia mle kulala tu. Na mimi ndiye ninayewalipia kitanda!"

"Mm," mteja anajibu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu. Wateja walikuwa wanapungua mwezi hadi mwezi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi mwingine, tunamwita Bwana Vioo kwa sababu amebandika vioo mpaka darini, na benchi lake lilijaa tangu asubuhi. Nikamwambia mke wangu kodi ndiyo inayoniua.

Mke wangu ni mshonaji, na ulimi wake ni mkali kuliko sindano zake. "Na Bwana Vioo halipi kodi?" akauliza.

Nikamwambia haelewi biashara, yeye mwenye cherehani nne, mimi mwenye kiti kimoja. Alicheka mpaka akakaa chini, na kile kicheko kilinikera siku tatu.

Ulipotangazwa mkutano wa walipa kodi, wenye maduka wa mtaani wakanichagua niwasemee. Mwenyekiti wetu, muuza misumari, akanishika bega. "Bunge, maneno matupu hayavunji mfupa. Nenda ukawahesabu hao wanaoingia maktaba. Ukisimama na hesabu, manispaa itanywea."

Basi nikawa nafunga duka alasiri, nakwenda maktaba na daftari. Nilichagua meza ya kona, mahali pa kuonea mlango. Nikagawa ukurasa mara mbili: wanaosoma, wanaolala. Upande wa wanaolala niliuachia nafasi kubwa, maana nilitarajia kazi nyingi huko.

Robo saa haijaisha, mkutubi akaja. Mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, viatu havitoi sauti.

"Karibu, kaka. Unatafuta nini?"

"Natazama tu."

"Kutazama watu ni kazi ya polisi. Hapa anayekaa mezani anakuwa na kitabu mbele yake. Unafanya kazi gani?"

"Kinyozi."

Akaondoka, akarudi na kitabu kinene cha ngozi na nywele, akanifungulia kama anayemwekea mtoto uji. Nikasema moyoni, haya, kikae hapo, mimi nina kazi yangu.

Siku hiyo waliingia watu sitini na wanne. Waliolala walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa nesi aliyetoka zamu, hata nikamhurumia. Palikuwa na fundi bomba ananakili mchoro wa pampu, ulimi nje. Palikuwa na bibi na mjukuu wake wanasoma kitabu kimoja, bibi anasoma ukurasa wa kushoto, mjukuu wa kulia, na anayekosea anafinywa. Nilitoka nimekasirika. Nimekuja kutafuta wavivu, napewa watu wa kazi! Siku ya pili wakaja sabini na saba, na aliyelala ni mmoja.

Siku ya tatu, nikiwa mezani nasubiri mtu aingie, jicho likaangukia picha kitabuni. Kidevu. Kidevu kimejaa vipele vidogo vidogo, vingine vina usaha. Nikakitambua papo hapo. Hakikuwa cha mtu mmoja, kilikuwa cha wateja wangu wote.

Hapa lazima nieleze. Marehemu baba yangu, kinyozi pia, alinifundisha kwamba kidevu hunyolewa kwa kupandisha: unavuta ngozi, unatoa wembe chini kwenda juu, mara mbili, mpaka kidevu kiwe laini kama yai. Ndivyo nilivyonyoa miaka yote. Vipele vikitoka, nalaumu sabuni. Sabuni ikiwa nzuri, nalaumu jasho la mteja. Na kinyozi hajinyoi. Mimi mwenyewe nafuga ndevu, sijawahi kuonja wembe wangu.

Kitabu kikasema, kwa maneno mepesi kabisa, kwamba ndevu za kujikunja zikikatwa hivyo huchomoza vibaya, zikarudi ndani ya ngozi, ndipo vipele hutoka. Lainisha kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Usivute ngozi. Teremsha wembe, ufuate ndevu zinakolala, na upite mara moja tu.

Weee! Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Nyani haoni kundule, na mimi nina kioo ukuta mzima! Kodi haikuwa imemfukuza mteja hata mmoja. Niliwafukuza mimi, kwa mkono wangu huu, na kila mmoja nilimwambia "karibu tena."

Nilisahau kabisa kuhesabu. Nilipoinua kichwa, mkutubi alikuwa amesimama na funguo mkononi.

"Unataka kufunga?" nikamuuliza.

"Nimeshafunga nusu saa iliyopita," akasema. "Nilikuacha umalize sura."

Nikakiazima. Zilibaki wiki tatu kabla ya mkutano, na wiki zote hizo nilinyoa kwa kuteremsha bila kumwambia mtu. Muuza misumari, ambaye alizoea kujikuna shingo hata akiwa anapima misumari, akaja siku moja akijipapasa kidevu. "Bunge, umebadilisha sabuni?"

"Ee," nikasema. Uongo mtupu.

Aliyejua ni mke wangu peke yake, maana alikuta kitabu chini ya mto. Asubuhi ya mkutano akaniuliza, "Utasema nini leo?"

"Nitasoma hesabu zangu, nitakaa."

"Na vipele?"

"Mama watoto, unataka nisimame mbele ya mji mzima niseme nimewaharibu watu videvu miaka kumi na minane? Na Bwana Vioo yupo pale ananisikiliza? Kesho yake si nitafunga duka!"

"Sawa," akasema. "Nenda ukawaambie wainyime maktaba paa, halafu urudi uendelee kusoma kitabu chao chini ya mto."

Nikajifanya natafuta viatu. Vilikuwa miguuni.

Ukumbi ulifurika. Muuza misumari alinipigia makofi kabla sijafungua mdomo. Bwana Vioo alikuwa safu ya pili, amekunja nne, anatabasamu.

"Ndugu walipa kodi," nikaanza, "kodi iko juu. Hilo sifichi, na manispaa inisikie: iko juu!"

Makofi, miluzi, mtu akapiga kiti.

"Mlinituma nikahesabu. Kwa siku mbili wameingia watu mia moja arobaini na mmoja. Waliolala ni watatu."

Muuza misumari akanikodolea macho. Hapo ningeweza kukaa, na miguu ilitaka sana nikae. Lakini nikamwona mkutubi kule nyuma karibu na mlango, miwani kifuani, hajasema neno la kujitetea tangu mkutano uanze. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikasimama wima.

"Kuna msomaji mmoja sikumhesabu. Mimi. Mnavijua vile vipele vya kidevuni?"

Mikono ya wanaume wote ikaenda shingoni kwa pamoja.

"Havitoki kwenye sabuni. Vinatoka kwangu. Nilikuwa nanyoa vibaya, na nimejua juzi tu, kwenye kitabu cha maktaba ile ile niliyotaka inyimwe paa. Msiniambie ningenunua kitabu changu mwenyewe. Ningenunuaje? Mtu hanunui dawa ya ugonjwa asioujua!"

Kicheko kilichotoka pale kilitikisa madirisha. "Miaka kumi na minane, Bunge!" mmoja akapiga kelele. "Turudishie hela!" akadakia mwingine. Muuza misumari alicheka mpaka machozi, anajishika kidevu, anarudia, "Kumbe! Kumbe!"

Nikangoja watulie. "Kwa hiyo mimi nasema, pesa ya paa la maktaba na ya Jumamosi tutoe. Lakini lile lango la mapambo wanalotaka kujenga pale manispaa, sitoi hata senti!"

Wakanyoosha mikono. Paa likapita, Jumamosi ikapita, lango likaanguka, na nyongeza ya kodi ikapungua kwa nusu.

Kesho yake nilifungua duka mapema. Mpaka saa nne hakuna mtu. Saa tano benchi lilijaa, na wengine wamesimama nje. Wote wamekuja kuona huko kuteremsha kukoje, na kunicheka uso kwa uso. Nilicheka nao. Nilinyoa mpaka mkono ukafa ganzi.

Kitabu nilikirudisha siku yake ilipofika, lakini kulikuwa na sura ya mapunye ya kichwani sikuimaliza. Jumamosi ya kwanza ya maktaba kufunguliwa nikatoka kwenda kukiazima tena. Navuka barabara, natupa jicho dukani kwa Bwana Vioo, na damu ikanipanda. Yuko na mteja, anateremsha wembe taratibu, na mbele yake ameegemeza kitabu kile kile. Ukutani kitabu, darini kitabu, vioo vyote vinanionyesha mimi kitabu changu!

Nikaingia maktaba natweta. "Dada, haiwezekani! Kodi ninayolipa mimi inamfundisha kazi adui yangu?"

Mkutubi akavaa miwani, akafungua daftari la wanaosubiri. "Na yeye analipa kodi, kaka. Nikuandike wa pili?"

Nikainua macho. Juu yetu mafundi walikuwa wanagonga mabati ya paa jipya.

"Niandike," nikasema. "Na akikirudisha, mwambie asikunje kurasa."