Jiwe la Ghisola

Nimejilaza baada ya misa ya asubuhi, niko tendo la tano la rozari, na kabla sijasema Amina kitanda kinageuka njia ya mawe inayopanda kilima, nami naipanda na kanga yangu ya kulalia. Juu kuna kijiji cha Waitalia wa kale, nyumba zimebanana, na juu ya lango imetundikwa ngao ya mtawala, picha ya simba. Kando yangu anatembea mtu asiye na uso. Namuuliza, bwana wa hapa ni nani? Anajibu, ni yule aliyemfukuza wa jana akalala kitandani mwake. Napita lango, natokea kijiji kilekile, ila ngao sasa ni tai. Napita tena, ni kofia ya askofu. Nafanya ishara ya msalaba, nasema, afadhali, huyu ni mtu wa Mungu. Asiye na uso anacheka bila mdomo.

Mjane mwenzangu, ingia upesi! Ananiita mwanamke mmoja mlangoni, kavaa nguo nyeusi, jina lake Ghisola. Chini ya kitanda ameficha jiwe la kusagia aliloachiwa na mama mkwe. Hapa ni marufuku, ananiambia, ngano yote isagwe kwenye kinu cha bwana, naye achote unga wake kwanza. Mimi nikichotewa, wanangu wanakula nini? Namuuliza, aliyeanzisha ni nani? Yule wa simba. Na wa tai? Alishusha simba, marufuku akaiacha palepale. Na baba askofu? Ghisola anasonya. Mawe aliyotunyang'anya kajengea ngazi za ukumbi wake. Kazikanyage, dada, laini kweli!

Damu inanichemka. Wakubwa hawa ndio tunaowaombea kila Jumapili? Mlango unagongwa. Fungua, mama, tumetumwa na baba askofu. Namwambia asiye na uso, aliyeingia nyuma yangu, wazuie basi! Anajibu, mwenye meno hasagi, anayesaga hana meno. Nenda zako na vitendawili vyako, watoto watalala njaa! Nalivuta jiwe kutoka chini ya kitanda, nalikalia, nanyoosha miguu. Askari wanaingia. Huyu bibi katoka wapi tena? Nimetoka kanisani, nawajibu, nibebeni nalo kama mgongo mnao.

Nashtuka. Niko jikoni kwangu, nimekalia jiwe la mama mkwe wangu, kanga imejaa unga, na unga wenyewe ni wa ngano, wala sijanunua ngano tangu Pasaka. Mlango unagongwa. Fungua, mama. Sijui ni mlango wa wapi. Siinuki.