Ukurasa Wenye Jina la Khoa

...na kishale cha tatu nacho, hebu kitazame vizuri, kimeinama kidogo upande wa kushoto, kidogo tu, kiasi cha mtu kuweza kulisema jambo hilo akiamua, na Ratri alikuwa ameamua, ndiyo maana aliikuza picha aliyoichora Tenri mpaka ikajaa skrini yote na sasa anaipekua kama mama anayetafuta chawa kwenye kichwa kilichooshwa jana, maana bila kosa hana la kuandika, asipoandika hakuna taarifa itakayotoka, na taarifa isipotoka basi kule Vietnam, Hue, au Da Nang, au popote alipo siku hizi, simu ya Khoa haitalia... ikilia ataona jina, Ratri ameandika kuhusu ukurasa wa brashi, hata asipofungua atakuwa ameliona, na jina kuonwa ni kitu, si haba... kidole kiko juu ya kipanya, chai imepoa, na nyuma yake mama yake ameketi mkekani akichambua majani ya melinjo ya mchuzi wa mchana huku akiifokea simu, huyu tena, si nimeshamjibu asubuhi, maua, maua, kila saa maua... kishale cha tatu, basi, aandike nini, "kishale cha tatu hakijanyooka," mara iliyopita aliandika kuhusu unene wa mistari, na kabla ya hapo rangi, ingawa rangi haikuwa na tatizo lolote na alijua wakati akiandika kwamba haina tatizo, Tenri akaibadilisha rangi bila kuuliza, na kabla ya rangi kulikuwa na nini, nafasi kati ya namba, alipima nafasi kati ya namba, mtu mzima mwenye akili zake, na Tenri maskini kule Makassar akazisogeza zote moja moja.

Kwani ukurasa una nini mpaka usiguswe, angeulizwa na mtu angejibu nini... ni ukurasa wa mwongozo tu, wa programu huria ya kuchora ambayo haiuzwi, imejengwa na watu wa kujitolea waliotapakaa kila pembe, wengine wanaandika msimbo, na wengine, kama Ratri, wanatengeneza mwongozo wa picha, wanaipiga picha skrini, wanaweka vishale na namba, ili mtu aliyeifungua programu leo kwa mara ya kwanza asizubae mbele ya vitufe, kazi ambayo haimpi hata senti na ambayo anaifanya akitoka duka la uchapaji anakopanga kadi za harusi za watu, kila siku harusi za watu... na huu wa brashi ulichorwa na Khoa, jina lake liko kichwani, na desturi yao ni kwamba kila neno linaloandikwa juu ya ukurasa humfikia mwenye jina, ila toleo jipya limetoka, vitufe vimehamishwa, picha za Khoa zinaelekeza mahali ambapo hapana kitu, wageni wanalalamika, mmoja aliandika kwamba ameitafuta brashi ya maji nusu ya siku mpaka akadhani ni mashine yake imeharibika, na picha mpya za Tenri zimekaa hapa tangu mvua zilipoanza, zinasubiri Ratri abonyeze kitufe cha kukubali, kwa kuwa zamu ya kukubali ni yake, na akibonyeza jina litabadilika, kichwani atakaa Tenri, na kuanzia siku hiyo lolote atakaloliandika hapa litalia Makassar... Vietnam kutakuwa kimya kabisa.

Kimya kipo tayari, sema ukweli, lakini kimya chenye mlango ni afadhali... alimjua kwa kosa, Khoa, kosa ambalo mtu hawezi kulifanya isipokuwa katika kazi hii, ilikuwa picha ya kwanza kabisa ya Ratri, ameichora kwa majuma mawili, na kwa fahari akaandika maelezo yote ndani ya picha, kwa lugha ya kwao, herufi nzuri kweli, na jibu likaja kutoka kwa mtu asiyemfahamu, Kiingereza cha kuungaunga kama chake, "Imependeza. Sasa futa maneno yote. Weka namba, maneno yakae chini ya picha, kila mtu ayatafsiri kwao. Ukiandika ndani, mama yangu akija hapa atakuta umemfungia mlango." Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akafuta maneno yote, akaweka namba, na kwa mara ya kwanza akaiona picha inavyopumua, akamwandikia asante, akajibu kwamba mama yake amefurahi, na ndivyo ilivyoanza, yeye Khoa anachora, Ratri anaandika maelezo ya chini, miaka, kila picha anaipitia mwenziwe kwa jicho kali, namba mbili iko juu mno, kishale kinapita juu ya kishale, hapa mkono hauendi hivyo, Khoa alipanga namba kwa kufuata safari ya mkono, siyo kwa kufuata skrini, mkono unaanzia wapi, unachoka wapi, na nani mwingine amewahi kuitazama kazi yake Ratri namna ile, mistari aliyodhani hakuna atakayeiona, Khoa aliiona, kutazamwa hivyo mtu anazoea kama chumvi, kisha anaikosa, na kila chakula kinakuwa...

"Nduk, binti yangu," mama yake alisema, "unanisikia au naongea na ukuta?"

"Nakusikia, Bu."

...anasikia nusu, kitu kuhusu kundi la simu la akina mama wa upatu, Bu Sumi na picha zake za maua za habari za asubuhi, simu inalia mpaka majani yanamponyoka mkononi, na Ratri amesema ndiyo, ndiyo, na macho yako kwenye kishale na akili iko Penang, walikutana mara moja tu, kwenye mkutano wa wanamwongozo, watu wanaojuana kwa majina ya skrini wakigundua nani ana kipara, na Khoa alikuwa mfupi kuliko alivyomfikiria na anacheka kwa mabega, walikula wali wa nazi kibandani, na Khoa akaivuta karatasi ya kufungia chakula, akachora sahani yote kwa kalamu, yai, dagaa, pilipili, akaweka vishale na namba kama kawaida, moja, mbili, tatu, halafu kishale kimoja kikatoka nje ya sahani kikaenda mpaka kwenye mkono wa Ratri ulioegemea meza, nne. Akauliza nne ni nini. "Mimi nachora tu," Khoa akasema, hakumtazama usoni. "Maelezo ni kazi yako." Na Ratri akacheka, Mungu wangu, akacheka, akasema pilipili kali, akanywa maji, na maelezo hakuyaandika, wala usiku ule hotelini, wala kwenye ndege, wala katika miaka miwili iliyofuata ambayo waliendelea na namba na vishale kama watu wasiowahi kula pamoja, mpaka Khoa akasema amepata kazi nyingine, atarudi baada ya Tet, mwaka mpya wa kwao, na Tet ikapita, ikaja nyingine, na alimpenda, ndivyo hivyo, alimpenda na bado anampenda, mtu aliyemwona ana kwa ana kwa siku tatu, na anamtamani asubuhi kama hii, na badala ya kusema hivyo anapima nafasi kati ya namba.

Mama yake alikuwa amesimama, goti likalia, akaja na simu mpaka kwenye meza, mikono ina harufu ya majani mabichi, akaiweka simu juu ya kibodi bila kuuliza kama wanavyofanya mama wote, hebu niondolee hii kelele, lakini nisitoke kwenye kundi, nikitoka watasema naringa, na Ratri akaichukua kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauacha kwenye kipanya, akafungua kundi, akabonyeza hapa na hapa, tayari.

"Nimelinyamazisha," alisema. "Halitalia tena."

"Na Bu Sumi ataona?"

"Hataona kitu."

"Kwa hiyo yeye anaendelea kutuma maua."

"Anaendelea tu, Bu."

"Akidhani napokea." Mama yake alicheka, cheko la pua, la mtu aliyepata raha kwa mpango wa wizi. "Masikini Bu Sumi."

Na akarudi kwenye mkeka na majani yake, na nyumba ikatulia, na Ratri akabaki na neno masikini... hataona kitu, amelisema mwenyewe kwa mdomo wake, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, hataona kitu, anaendelea tu... na ni kitufe kidogo, hata kwenye mradi kipo, yeye mwenyewe amewahi kukichorea kishale na namba na kuandika maelezo chini yake, bonyeza hapa usipotaka kupokea taarifa za ukurasa huu, sentensi yake hiyo, aliisahihisha mara ngapi, na hakuwahi kufikiri, au alifikiri akaligeuzia wazo mgongo, kwamba mtu aliyepata kazi mpya, amechoka, amerudi nyumbani, simu inalia kuhusu unene wa mistari, rangi, nafasi, kwamba mtu huyo angefanya alichokifanya mama yake sasa hivi, bila ubaya wowote, bila hata kuacha kumpenda mtu, huenda zamani, huenda kabla ya maua ya kwanza ya Ratri mwenyewe... basi alikuwa anamgongea nani... vishale vyote vile, rangi ile aliyoisingizia, vilikwenda wapi, maana vilikwenda, havikupotea angani, kuna mtu alivipokea vyote, kila kimoja, akakisoma mpaka mwisho, akaamini kwamba ni vya kweli na ni vyake, akakaa Makassar akazisogeza namba moja moja.

Alikirudisha kipande cha picha katika ukubwa wake, na kishale cha tatu kikawa kishale, kimenyooka, kilikuwa kimenyooka muda wote, na picha nzima ikaonekana kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, maana kila alipoifungua aliifungua ili kumtafuta Khoa ndani yake na asipomwona akaiadhibu, na sasa akaitazama yenyewe, na ilikuwa nzuri, lo, ilikuwa nzuri kwa namna nyingine kabisa, Tenri hafuati safari ya mkono, anafuata jicho, anaanza na kile kitakachomtisha mgeni na kukitaja kwanza ili kisimtishe tena, hilo Khoa hakuwahi kulifanya, wala yeye Ratri, na hamu haikupungua, ajabu, alidhani ingepungua, imekaa palepale chini ya mbavu, anamtamani Khoa kama alivyomtamani dakika tano zilizopita, ila sasa ni hamu tu, haina shughuli, haina picha ya kupekua, na akitaka kumwandikia anayo anwani yake, siku zote alikuwa nayo, sentensi moja ingetosha, ya mtu kwenda kwa mtu, na akashuka kwenye ujumbe wa Tenri uliokuja na picha, ambao asubuhi aliusoma mstari wa kwanza tu, Kak Ratri, dada yangu, samahani, nimerekebisha tena, akauruka akakimbilia vishale, kumbe uliendelea.

"Kak, kama kuna kitu hukipendi kwangu, kiseme tu, nitakubali. Makosa siyaogopi. Kinachonichosha ni kutojua."

Akausoma tena taratibu, neno la mwisho akalirudia, kwa kuwa hilo ndilo alilotaka kumwambia Khoa, hilo hilo, tangu Tet ile, na hapa limeandikwa na mtu mwingine na limeletwa kwake yeye, limekaa limesubiri, na yeye amelifanyia vilevile alivyofanyiwa... mama yake akauliza kama aipashe ile chai, itakuwa imepoa, na Ratri, kidole bado kiko juu ya kipanya, bado hakijabonyeza, akasema hapana, Bu, ngoja kwanza, kuna mtu nimemsubirisha muda mrefu.