Waliokaa Benchini

Chumba cha majaji kilikuwa chini kabisa ya hoteli, kati ya chumba cha kufulia na stoo ya viti. Kiyoyozi chake kilikuwa na ugonjwa wa kupuliza baridi bila kuzimika. Kwa hiyo kila asubuhi mratibu wa tamasha aliwagawia majaji blanketi, akawawekea chupa ya chai na vikombe vinne, kisha akaufunga mlango kwa nje ili wafua nguo wasiingie kwa makosa.

Mwenyekiti alikuwa mwongozaji wa zamani aliyestaafu, mzee mwenye magoti mabovu na tuzo nyingi kabatini. Kando yake alikaa mwigizaji, mwanamke aliyezoea kutazamwa kiasi kwamba hata gizani aligeuza upande wake mzuri. Kisha mwandishi wa filamu, ambaye wenzake walimwita Chiriku, na yeyote aliyekaa naye dakika tano hakuuliza kwa nini. Wa mwisho alikuwa mhariri wa filamu, mwanamke wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyeishi kwa kukata na kuunga picha zilizopigwa na wengine. Kila mmoja alikuwa ametoka nchi yake.

Sheria za tamasha zilikuwa nyepesi. Majaji sharti wakubaliane wote. Filamu wanayoibishania sharti itazamwe upya kesho yake, yote, mpaka mwisho. Sheria hii ilitungwa zamani, baada ya jaji mmoja kusinzia na kuipa tuzo filamu aliyoiota.

Filamu iliyoleta ubishi mwaka huo ilikuwa fupi na haikuwa na mambo mengi. Chumba chenye kuta za kijani, benchi refu, watu wameketi wakingoja kuitwa. Mara kwa mara mlango wa mwisho unafunguka kidogo, wote wanainua vichwa, mlango unafungwa. Haitwi mtu. Aliyeiongoza alikuwa kijana wa mji huohuo, na hakuhudhuria tamasha kwa sababu asubuhi ya ufunguzi aliitwa kwenye ofisi fulani kujibu maswali mawili matatu, na bado alikuwa akiyajibu.

Katika filamu yake alikuwa ameketi mwisho wa benchi, amevaa koti jipya la kahawia alilolishonesha kwa ajili ya ufunguzi. Filamu yenyewe ilikuwa imekabidhiwa kwa tamasha kabla kitambaa cha koti hilo hakijanunuliwa. Majaji waliona kwamba mwongozaji amejipa nafasi ya kuigiza, wakajadili kama huo ni unyenyekevu au ni majivuno.

Mke wa kijana huyo alimkuta mhariri kwenye ngazi za hoteli wakati wa chakula cha mchana.

"Dada, samahani kwa kukusumbua. Mimi ni mke wa yule mwenye koti."

"Pole sana, mdogo wangu."

"Nimekwenda ile ofisi. Wananiambia hawamjui mtu wa jina hilo, hajawahi kufika kwao. Sasa mimi siombi apendelewe. Ila mshindi jina lake linasomwa jukwaani, na redio zote zinarusha. Likishasomwa mbele za watu, watasemaje tena hawamjui?"

Mhariri alimshika mkono, akamwambia, "Litasomwa." Aliahidi kwa moyo mweupe. Siku hiyo ahadi ilikuwa haijamgharimu kitu.

Mchana huo Chiriku alizungumza peke yake muda mrefu, blanketi mabegani. Alisema filamu ndiyo hii, zilizobaki ni mapambo ya ukutani. Mwenyekiti alikuwa upande wa filamu nyingine, iliyohusu mapenzi ya mpishi na jirani yake mjane, filamu yenye rangi nzuri isiyomkera mtu. Hawakukubaliana, wakaagana mpaka kesho.

Kesho yake mratibu alileta vikombe vitatu.

"Chiriku amechelewa?" mwigizaji aliuliza.

"Ameitwa," mratibu akajibu, akimimina chai. "Chumba chake kimeshafanyiwa usafi. Tuanze, wakubwa zangu?"

Taa zikazimwa. Chiriku alikuwa benchini, karibu na yule wa koti, kitambulisho cha jaji kikining'inia shingoni. Alikuwa amenyamaza. Mlango wa mwisho ulipofunguka kidogo aliinua kichwa pamoja na wenzake, na ulipofungwa alikiinamisha.

"Hajazidisha," mwigizaji alisema baada ya taa kuwaka. "Mimi nilidhani huyu hawezi kukaa bila kuchezesha uso."

"Na mikono," mwenyekiti akaongeza. "Waandishi huwa hawajui pa kuiweka. Yeye ameiweka magotini, basi."

Kwa kazi yake mhariri alikuwa ameyazoeza macho yake kutafuta maungio, mahali picha moja inapoishia na nyingine kushika, na humo ndimo mtu angeweza kupachikwa. Hakupaona. Filamu nzima ilikuwa pigo moja la kamera, lisilokatika tangu mwanzo, kama uzi uliotoka kwenye kigurudumu. Basi hapakuwa na aliyempachika Chiriku. Chiriku alikuwa ameketi tu. Mhariri aliogopa, na hakuogopa kisomi. Akakaza blanketi.

Mwigizaji hakuwa shujaa, na wala hakujidai. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja unaowapata waigizaji wa kweli: akiona kazi nzuri, maneno yanamtoka. "Mzee, nisamehe," alimwambia mwenyekiti. "Baada ya kuona vile, siwezi kumpa mpishi. Mimi kura yangu naipeleka benchini."

Mwenyekiti alitazama mlango uliofungwa kwa nje. "Binti, maneno mengine hutafunwa kwanza," alisema kwa upole.

"Nimeshayasema."

"Umeshayasema kweli," akakubali mzee, na akamsukumia sahani ya biskuti.

Jioni hiyo mhariri alizungumza na binti yake kwa simu. Mtoto alimweleza habari za mtihani wa hesabu, akamuuliza anarudi lini. "Jumapili," mhariri alijibu. Alilirudia neno hilo hata baada ya simu kukatika.

Asubuhi vililetwa vikombe viwili, na hakuna aliyeuliza. Filamu ilipoanza, mwigizaji alikuwa ameshaketi kando ya Chiriku, upande wake mzuri kwenye kamera. Hakuwa akiigiza. Mhariri aliliona hilo mara moja, kwa sababu siku zote uso wa mwanamke yule ulikuwa na kitu cha kumpa mtazamaji, na sasa haukuwa na kitu. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa angoje.

Mwenyekiti hakusubiri taa. "Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," alisema gizani. "Mimi nina wajukuu, na nataka kucheka nao. Nampa mpishi. Wewe je?"

Mhariri alifungua mdomo. Pale kwenye skrini, watu wa benchini walianza kusogeleana. Walisogea kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, kama wasogeavyo watu msibani anapoingia mgeni, na yule wa koti akabanwa na ukuta. Mwigizaji alikusanya gauni lake kwa mkono, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Kisha akamtazama mhariri usoni.

Mhariri alimfikiria mke wa yule kijana pale kwenye ngazi. Akamfikiria binti yake. Hakuwafikiria kwa muda sawa.

"Mpishi," akasema.

Benchini hawakusogea tena, ila ile nafasi haikuzibwa. Mhariri akaiona aibu yake ikimkabili, akatafuta mahali pa kuifichia, na majaji wote duniani hukimbilia mahali pamoja. "Lakini tusiwaache mikono mitupu," alisema haraka. "Tuwape tuzo ya uigizaji."

"Tumpe nani?"

"Wote. Benchi zima."

Mzee alilifikiria, akanywa chai. Wote wawili walitazama skrini kidogo, kuona kama kuna atakayesogea. Hakuna aliyesogea. "Wazo zuri," mwenyekiti alisema. "Hakuna wa kulaumu."

Katika tamasha lile, tuzo ikienda kwa kundi hutajwa kundi. Majina hayasomwi, kwa sababu redio haziwezi kusubiri. Mhariri alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Alijiambia kwamba huenda safari hii wangesoma.

Usiku wa kufunga ukumbi ulijaa. Mke wa yule kijana alikaa safu ya katikati, gauni limepigwa pasi, kichwa juu. Jukwaani majaji wawili waliketi kwenye viti vyao, na kwenye viti viwili vilivyobaki mratibu alikuwa ameweka maua. Mpishi na mjane wake walipata tuzo kubwa. Mke wa yule kijana hakutikisika, maana bado kulikuwa na tuzo moja.

"Na tuzo ya uigizaji bora," mshereheshaji alitangaza, "inakwenda kwa kundi zima la waigizaji wa filamu fupi!"

Kipande cha filamu kikaoneshwa nyuma yake. Makofi yalilipuka. Mwanamke yule alisimama, akamwinamia jirani yake. "Wamemtaja nani?"

"Wamesema kundi."

Aliendelea kusimama, akimtazama mhariri. Mhariri alikuwa akipiga makofi. Aliyapiga mikono ikiwa juu ya kichwa, kwa nguvu, ili aonekane na kila mtu aliyekuja kuangalia nani anapiga na nani hapigi.

"Wenyewe hawakuweza kufika kwa sababu zisizozuilika," mshereheshaji aliendelea. "Ndiyo yale, asiyekuwepo na lake halipo!" Ukumbi ukacheka, na mratibu akapanda jukwaani kuipokea tuzo kwa niaba yao.

Kwenye skrini, yule wa koti alikuwa ameyasikia makofi. Aliinua kichwa. Akafunga kifungo, akalinyoosha koti, akasimama mbele ya benchi kama asimamavyo mtu anayejua sasa ni zamu yake. Chiriku na mwigizaji walimtazama kwa chini. Akangoja hivyo, uso kwenye mlango, mpaka makofi yakaisha na mshereheshaji akahamia kwenye shukrani kwa wafadhili. Ndipo akakifungua kifungo, akarudi kuketi.